Akiko maana yake nini? Nionyeshe kwanza linaandikwaje

Swali limekuja tena, safari hii likiwa na picha ya skrini kutoka tovuti ya majina ya watoto: Akiko, jina la kike la Kijapani, maana yake "mtoto mng'avu". Chini ya picha kuna ujumbe: "Mwalimu, tuthibitishie tu." Kabla ya huyo alikuja mwingine aliyesoma kwingine kwamba Akiko ni "mtoto wa vuli", akataka nimwambie tovuti ipi inadanganya. Na kuna aliyetaka kulichora tatuu begani, akaniomba nimtumie "herufi zake". Herufi zipi? Hilo ndilo swali lenyewe, na kila mtu analiruka.

Nafundisha Kijapani na kutafsiri hati, na katika kazi yote hii majina ndiyo ninayoyapenda zaidi. Kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu, na wanaonifuata baadaye nitawatumia kiungo.

Akiko ikiandikwa kwa herufi za Kilatini, kama ilivyo kwenye pasipoti au kwenye jezi, ni sauti tu. Mjapani akiisikia anajua ni mwanamke, pengine anakisia umri wake, basi. Maana hajaijua bado, wala hajidai kuijua. Akitaka kuijua atauliza, "Unaliandikaje?" Na mwenye jina atajibu kwa namna ambayo wanafunzi wangu wote hushangaa wakiisikia mara ya kwanza: "Aki ya majira ya vuli", au "Shō ya Shōwa", au "shō ya suishō", yaani ile kanji (herufi yenye asili ya Kichina, iliyo na maana yake na mara nyingi usomaji zaidi ya mmoja) iliyomo kwenye neno la fuwele. Ko hawaielezi sana, maana karibu wote huiandika 子. Maelezo hayo utayasikia kwenye simu za benki, hospitalini, hotelini. Wajapani wenyewe, wenye lugha yao, wanaulizana kila siku. Halafu tovuti inakupa jibu la maneno mawili bila kuuliza chochote!

Tazama watu wanaojulikana. Mshairi Yosano Akiko, aliyezaliwa Sakai karibu na Osaka mwaka 1878 na kufariki 1942, ni 晶子. Mpiga fidla Suwanai Akiko, aliyeshinda shindano la Tchaikovsky mjini Moscow mwaka 1990, naye ni 晶子. Kojima Akiko, Mwasia wa kwanza kuvikwa taji la Miss Universe, mwaka 1959, ni 明子. Mwanamuziki Yano Akiko ni 顕子. Mwimbaji Wada Akiko anaandika アキ子, nusu katakana (herufi za sauti tu) nusu kanji, na mchoraji wa manga Higashimura Akiko anaandika アキコ, katakana tupu. Sauti ni moja kwa wote. Sasa niambie, "maana ya Akiko" ni ya nani kati yao?

Naelewa kosa linatoka wapi. Sisi majina yetu husikika pamoja na maana yake. Ukimwita Chausiku, hakuna anayeuliza linaandikwaje ili ajue alizaliwa usiku. Masika, Sikujua, Neema, Tabu, Mwanaidi: sikio linatosha. Na Japani pia imewahi kuwa na majina ya namna hiyo, mengi sana. Wanawake wa kawaida wa enzi ya Meiji, kuanzia 1868, waliitwa Haru, Ume, Kiku, Matsu, mara nyingi kwa kana, yaani herufi za sauti (hiragana na katakana), bila kanji yoyote. Kulikuwa na Tome, kutoka kitenzi cha kusimamisha, na Sue, yaani mwisho: majina waliyopewa mabinti ambao wazazi walitarajia wawe wa mwisho kuzaliwa. Hayo ukiyasikia umeyaelewa, na bibi yangu angeyaelewa pia. Lakini Akiko halimo katika kundi hilo.

Kanji zenyewe nitazipitia haraka, kwa sababu kamusi yoyote itakupa. 秋 ni majira ya majani kupukutika, Septemba hadi Novemba. 明 ni mwangaza, jua na mwezi zikiwa ubavu kwa ubavu. 晶 ni jua limeandikwa mara tatu: mng'ao, fuwele. 昭 ni kung'aa, kuwa wazi. 章 ni maandishi yaliyopangika, sura ya kitabu, nembo. 彰 na 顕 zote zinahusu kudhihirika. 暁 ni alfajiri. Halafu kuna wanaotumia kanji mbili kwa sauti ya aki, kama 亜希 au 亜紀, ambapo 亜 mara nyingi imewekwa kwa ajili ya kutoa "a" tu, wala hakuna mzazi anayekusudia maana yake ya "-a pili yake". Na hapa sijazimaliza. Kamusi za majina zina kurasa za Akiko.

Tatizo linakwenda upande wa pili vilevile, na hili tovuti hazilitaji kabisa. Ukinionyesha 晶子 bila kuniambia linasomwaje, siwezi kuapa kwamba ni Akiko. Linaweza kuwa Shōko. Linaweza kuwa Masako. 章子 ni Akiko, au Shōko, au Fumiko. 明子 ni Akiko, au Haruko, au Meiko. Kwa hiyo sauti haikupi maandishi, na maandishi hayakupi sauti. Lazima uwe na vyote viwili. Ndiyo maana kadi za biashara na fomu za shule huwekewa furigana, vile vijikana vya usomaji, na ndiyo maana mwalimu wa Kijapani anayepokea darasa jipya hupitia orodha ya majina kwa uangalifu kabla ya kuita hata mwanafunzi mmoja.

Yosano mwenyewe ni mfano ninaoupenda. Alizaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara wa vitamutamu vya Kijapani, na jina alilopewa halikuwa Akiko. Aliitwa Shō, jina la ukoo Hō. Alipoanza kuandika alichukua kanji 晶, ambayo kwa usomaji wa Kichina (matamshi yaliyokopwa kutoka China) ni shō, akaongeza 子, kisha akaisoma kwa usomaji mwingine: Akiko. Kwa hiyo jina lake la utoto bado limo ndani ya jina la kalamu, ila halisikiki. Linaonekana tu kwa anayejua kusoma. Mwaka 1901 alitoa kitabu chake cha kwanza cha tanka, mashairi mafupi ya Kijapani, kwa jina hilo, akiwa na umri wa miaka 22, na mwaka 1904, wakati wa vita vya Japani na Urusi, akachapisha shairi la kumsihi mdogo wake asife vitani. Ukiniambia jina la mwanamke huyo ni "mtoto mng'avu", umelifuta jambo zima alilolifanya.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko vyote. Ni ile "mtoto wa".

Kila orodha ina "mtoto wa": mtoto wa vuli, mtoto wa bahari, mtoto wa uzuri, mtoto wa upendo. Mtu ameona 子, amefungua kamusi, amekuta "mtoto", na hapo hapo akaongeza "wa" kutoka mfukoni mwake. Katika 秋子 hakuna "wa". Ni kanji mbili zimekaa pamoja, hazina kiunganishi kati yao. Na hilo 子 lina historia ndefu ambayo kwa sehemu kubwa haihusu watoto hata kidogo.

Anza China ya kale. 子 ilikuwa heshima ya mwalimu, ya mtu mkubwa. Confucius kwa Kijapani ni Kōshi, 孔子. Mencius, mwanafalsafa mwenzake wa China, ni Mōshi, 孟子. Hiyo shi ya mwisho ndiyo 子 hii hii. Nenda Japani ya karne ya 7: mjumbe aliyepelekwa kwenye utawala wa Sui nchini China mwaka 607 aliitwa Ono no Imoko, 小野妹子. Kanji ya kwanza ya jina lake ni ya dada mdogo, ya pili ni 子, na alikuwa mwanamume. Soga no Umako, waziri mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake, aliyefariki 626, ni 馬子. Kanji ya kwanza ni farasi. Je, naye tumtafsiri "mtoto wa farasi"? Alikuwa anaunda na kuangusha wafalme.

Ni baadaye, karne ya 9, ndipo 子 ilipohamia kwa mabinti wa kifalme na wa makabaila. Desturi hiyo huhusishwa na Mfalme Saga na namna alivyowapa majina binti zake. Kwa karne nyingi ikabaki huko juu. Mkulima hakumwita binti yake kwa -ko katika hati. Meiji ilipofika, mlango ukafunguka taratibu, na wanawake wengi wakaanza kuiongeza wenyewe, kwenye barua, kwenye maandishi, baadaye kwenye rejista. Noti ya yeni 5,000 ina ushahidi wa jambo hili mara mbili mfululizo. Noti ya 2004 ilikuwa na mwandishi Higuchi Ichiyō, ambaye jina lake la hati lilikuwa Natsu lakini alipenda kujiandika Natsuko. Noti ya 2024 ina Tsuda Umeko, mwasisi wa chuo cha wanawake jijini Tokyo. Huyo aliandikishwa Ume, jina la mti unaotoa maua baridi ikiwa bado haijaisha, na mwaka 1902 akalibadilisha rasmi kuwa Umeko. Alikuwa na karibu miaka 38, mwanamke msomi aliyekulia Marekani. Hakuwa anaongeza "mtoto". Alikuwa anaongeza adabu, hadhi, umbo kamili la jina la mwanamke wa zama mpya.

Kwa hiyo ninapotafsiri, -ko ninaiacha. Haitafsiriki, kama vile usivyoweza kutafsiri "Mwana" iliyomo ndani ya Mwanaisha kwa kusema huyu ni mtoto wa Aisha.

Tangu miaka ya 1920 hadi miaka ya 1950 orodha za majina yaliyopendwa zilijaa -ko: Kazuko, Yoshiko, Keiko, Yōko, Akiko. Kisha likapungua mpaka kuwa adimu kwa watoto wanaozaliwa leo, ingawa katika ukoo wa kifalme bado linaendelea: Masako, Kiko, Kako, Aiko. Ukikutana na Akiko siku hizi, mara nyingi ni mama au bibi. Hii nayo ni maana ya aina yake. Jina linamwambia Mjapani kizazi chako kabla hujasema neno lingine.

Na kizazi kinaonekana kwenye kanji pia. Tarehe 25 Desemba 1926 enzi ya Shōwa, 昭和, ilianza. Kanji 昭 kabla ya hapo haikuwa ya kila siku. Watu wengi waliizoea kwa sababu ya jina la enzi. Mara wakaanza kuzaliwa kina Akiko wa 昭子, na kina Kazuko wa 和子, kwa wingi mkubwa. Ukiniuliza 昭子 wa mwaka 1927 anamaanisha nini, kamusi itakuambia kung'aa. Mimi ningesema anamaanisha enzi mpya. Wazazi wake walichukua nusu ya jina la enzi wakampa binti. Je, waliwaza mwangaza? Huenda. Waliwaza kwanza tarehe.

Hapa ndipo napaswa kusema jambo ambalo vitabu vya kufundishia huwa vinalipita. Hata ukiwa na kanji na usomaji, bado maana ya kanji si lazima iwe maana ya jina. Wazazi huchagua kwa sababu nyingi. Wengine huhesabu idadi ya mistari ya kalamu katika kanji za jina na za ukoo, kwa kuwa kuna imani ya kubashiri bahati kwa hesabu hiyo, na kanji nzuri ikiangukia idadi mbaya inaachwa. Wengine huchukua kanji moja ya jina la babu au la baba. Wengine wanaipenda sauti kwanza, kisha wanatafuta kanji za kuivika. Wengine huandika あきこ kwa hiragana makusudi, wakipenda ulaini wake, wakikataa kabisa kumfunga mtoto kwenye kanji. Huyo wa hiragana ana maana gani? Wenzangu wengine husema hana. Mimi sikubaliani, nadhani kukataa nako ni kusema kitu, lakini sina hoja ya kumshinda anayenipinga.

Mfano mmoja ambapo maana ilielezwa hadharani: Binti Mfalme Aiko, 愛子, aliyezaliwa tarehe 1 Desemba 2001. Tovuti zitakuambia "mtoto wa upendo". Lakini jina lake, pamoja na cheo chake cha utoto, Toshi, 敬, vilichukuliwa kutoka maneno ya Mencius: anayependa watu, watu humpenda daima, anayeheshimu watu, watu humheshimu daima. Upendo na heshima, jina na cheo, ni vipande viwili vya kauli moja ya miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Ukifungua kamusi ya kanji peke yake hutaiona. Lazima ujue kitabu ambacho wazazi, au wanazuoni wao, walikuwa wanakisoma.

Na kadiri unavyorudi nyuma, uhakika unazidi kupungua. Kuna mke wa Mfalme Ichijō, aliyeishi 988 hadi 1074, binti wa Fujiwara no Michinaga, ambaye mwandishi Murasaki Shikibu alimtumikia. Jina lake ni 彰子. Leo vitabu vinamwita Shōshi. Mwenzake na mshindani wake, 定子, anaitwa Teishi. Wanafunzi hudhani hayo ndiyo majina waliyoitiwa nyumbani. Sivyo. Wataalamu hutumia usomaji wa Kichina kwa sababu usomaji halisi wa wakati ule haujahifadhiwa. 彰子 huenda ilisomwa Akiko, na wapo wanaoandika hivyo. Nami nikisoma huvutwa upande huo, kwa kuwa inasikika kama jina la mtu na si kama kichwa cha sura. Lakini kuvutwa si ushahidi. Kulikuwa na 明子 mwingine wa karne ya 9, mama wa Mfalme Seiwa, na mapokeo yanamsoma Akirakeiko, silabi sita! Nani angelikisia? Tunajua mambo mengi juu ya wanawake hao: tarehe zao, watoto wao, ugomvi wa baba zao. Namna ya kuwaita hatuna. Na Murasaki Shikibu mwenyewe, ambaye Wajapani wote wanamjua, jina lake la kuzaliwa haliko kwenye kumbukumbu iliyo wazi. "Shikibu" ni idara aliyofanyia kazi baba yake.

Matamshi, kwa ufupi, kwa kuwa Waswahili tunaliharibu kila mara. Sisi husisitiza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema a-KI-ko. Mjapani anapandisha sauti kwenye A, kisha anashuka, na ile i kati ya k mbili karibu inapotea, unasikia kama "Ak'ko". Lakini nafasi yake inabaki, usiikimbie. Pigo tatu, za urefu sawa.

Kwa familia ambazo mzazi mmoja ni Mjapani, na hizi ziko Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, suala hili lina upande wa sheria. Rejista ya familia ya Japani, koseki, haipokei kanji yoyote utakayo. Lazima iwe katika orodha ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida au katika orodha ya nyongeza ya kanji za majina, ambayo ilianza 1951 ikiwa na kanji 92 na sasa ina 863. Hiragana na katakana zinaruhusiwa. Kanji za Akiko nilizozitaja hapo juu zimo. Mtoto aliyezaliwa Japani huandikishwa ndani ya siku 14. Aliyezaliwa nje, ndani ya miezi 3, na kama kwa kuzaliwa kwake amepata uraia mwingine, tarehe hiyo msiichezee, kwa sababu uraia wa Japani unaweza kupotea.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: mpaka juzi koseki iliandika kanji tu. Usomaji haukuwemo. Mtu aliweza kuishi miaka 80 akiitwa Akiko na serikali haikuwa na mstari hata mmoja kwenye rejista hiyo unaosema ni Akiko na si Shōko. Sheria ilirekebishwa 2023, na kuanzia tarehe 26 Mei 2025 usomaji unaingizwa rasmi, kwa sharti kwamba uwe usomaji unaokubalika kwa kanji husika. Kwa hiyo mkichagua, chagueni vyote viwili mezani: kanji hii, isomwe hivi. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha Tanzania au Kenya litaingia Akiko kwa herufi za Kilatini, na hapo hakuna shida yoyote. Lakini karatasi yenye kanji itunzeni, na siku binti akiwa mkubwa mwambieni kwa nini mlichukua ile na si nyingine.